Sayyid Barghash: Sultani Aliyepanda Bustani Huku Pwani Ikimponyoka

Ndugu msomaji, ukitaja bustani kwetu Hola, mtu hufikiria shamba la migomba na miembe kando ya Mto Tana. Ni bustani za kula, si za kutazama. Lakini pwani yetu iliwahi kuwa na mtu aliyetengeneza bustani kwa ajili ya macho na nafsi, akaipa vidimbwi vya mayungiyungi, hamamu za mawe, mifereji na ukuta mrefu wa kuifunika. Jina lake Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Bustani yenyewe ni Maruhubi, kilomita chache kaskazini mwa Mji Mkongwe, Unguja.

Utaniuliza, mtu wa Tana River ana nini na bustani ya Unguja? Nina sababu mbili. Ya kwanza ni Kipini, pale mto wetu unapomwaga maji baharini, ambapo palikuwa mwisho wa ukanda wa pwani aliobakishiwa Sultani huyu. Ya pili ni maji, na mikono inayochimba njia ya maji. Nitaeleza zote mbili, lakini kwanza tumjue mwenyewe.

Barghash alizaliwa karibu mwaka 1837, mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia kiti cha Omani Unguja. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, Zanzibar ikamwangukia Majid, na Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 akapanga njama ya kumpindua ndugu yake. Waliomsaidia walikuwemo dada zake wawili, Bibi Khole na Bibi Salme. Nyumba yake ilipozingirwa, Salme anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba walimtorosha akiwa amejifunika nguo za kike, akapita mbele ya walinzi bila kutambuliwa.

Wafuasi wake walijikusanya katika shamba la Marseilles, lililokuwa na jumba zuri na miti. Majid akapata msaada wa mabaharia wa Kiingereza, na jumba likapigwa mizinga. Kwa hiyo bustani ya kwanza kuingia katika habari za Barghash ni ile iliyoharibiwa kwa ajili yake. Yeye akajisalimisha, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Alikaa huko kama miaka miwili, na naamini Bombay ilimfunza mengi kuliko kiti chochote. Wakati ule mji ule ulikuwa unatoka katika shida ya maji. Bwawa la Vihar lilikuwa linajengwa nje ya mji, na kufikia mwaka 1860 maji yake yakaanza kuingia mjini kwa mabomba. Kijana wa kifalme aliyezoea kuona watumwa wakibeba maji kichwani alikuwa katika mji ambao maji yalisafiri yenyewe. Alirudi Unguja mwaka 1861, akanyamaza kimya, akangoja.

Majid alifariki Oktoba 1870 na Barghash akashika nchi. Hakupewa hata muda wa kupumua. Aprili 1872 kimbunga kikapiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi, kikavunja majahazi bandarini. Pemba ilisalimika, lakini hazina ya Unguja ilikuwa karafuu, na mkarafuu hauzai kwa mwaka mmoja wala miwili. Mwaka uliofuata Waingereza wakamjia na madai ya kufunga biashara ya watumwa baharini. Kwanza alimkatalia mjumbe wao, Sir Bartle Frere. Baadaye balozi John Kirk akamwonyesha kwamba manowari zingeuzingira mji, naye akatia sahihi tarehe 5 Juni 1873. Soko la Mkunazini likafungwa. Leo mahali pale pana kanisa kuu la Kianglikana.

Mwaka huohuo wa 1873 akafa kwa ndui mtoto wa Mwinyi Mkuu wa Dunga, wa mwisho katika ukoo wa watawala wa asili wa Unguja. Ukoo ule ulikuwa na siwa na ngoma za enzi, vitu vilivyochongwa kwa mkono, ambavyo havikupigwa ovyo wala kuguswa na kila mtu. Nguvu ya mtawala ilikaa ndani ya vitu hivyo. Sisi wa mto tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Wapokomo walikuwa na ngadzi, ngoma kubwa ya wazee, ambayo sauti yake peke yake ilikuwa amri. Waingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo iko London katika British Museum. Barghash alirithi nchi ambayo vitu vyake vya heshima vilikuwa vinanyamaza kimoja kimoja. Yeye akaamua kuweka enzi yake katika mawe na maji.

Mwaka 1875 alialikwa Uingereza. Akamwona Malkia Victoria, akatembezwa viwandani na bandarini, akafika na Ufaransa, na safari yake ikaandikwa kitabu cha Kiarabu. Husemwa kwamba kilichomvutia huko ni zile kuta ndefu zinazozunguka mashamba ya mabwana wa Kiingereza, ndani yake nyasi, miti na maji yaliyotulia.

Aliporudi, akajenga. Maruhubi ilijengwa kati ya mwaka 1880 na 1882. Chini ilikuwa ya mawe, juu ya mbao, na roshani pana ikikaa juu ya nguzo nene za mviringo. Ndani ya ukuta palipandwa miembe. Palichimbwa vidimbwi, mayungiyungi yakaelea juu yake. Palijengwa hamamu yenye vyumba vyake, ya Sultani na ya masuria wake, kwa kuwa jumba lile alilitenga kwa ajili ya masuria. Maji yaliletwa kwa mfereji na kuhifadhiwa katika birika kubwa. Mgeni aliyetoka kwenye jua la saa saba na kuingia pale alihisi ameingia dunia nyingine. Kwa Mwislamu, bustani yenye mito ipitayo chini yake si mapambo matupu, ni ahadi ya pepo. Barghash alitaka kuionja hapahapa.

Hakujijengea yeye peke yake, na hili tumpe haki yake. Hamamu ya Hamamni, mjini, kazi ya fundi Haji Gulamhussein kutoka Uajemi, ilikuwa ya watu wote. Mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib, na milango yake mikubwa ikachongwa kwa mkono aya za Qurani na mapambo ambayo mafundi wa leo bado huyaigiza. Kubwa kuliko yote, alivuta maji safi kutoka Chemchem, upande wa Bububu, hadi mjini. Watu walioteketea kwa kipindupindu miaka ya nyuma wakapata maji ya bure. Mimi kwa kipimo changu mfereji ule una thamani kuliko majumba yake yote.

Sasa nije kwenye Kipini. Barghash akiwa anapanda miti, wengine walikuwa wanapima nchi yake. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walikuwa wameshaujua Mto Tana. Clemens alipanda mto huu tangu mwaka 1878. Pale Witu alikuwepo Ahmed, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, aliyeikataa Zanzibar na kuwapokea watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Mwaka 1885 Ahmed Simba akajiweka chini ya ulinzi wa Wajerumani. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri la Barghash, mizinga ikielekea mjini.

Katika msafara ule alikuwemo Bibi Salme, dada yake, ambaye sasa aliitwa Emily Ruete, mjane wa mfanyabiashara wa Hamburg. Ndiye aliyemwokoa mwaka 1859. Alikuja kudai urithi na kutafuta undugu. Barghash hakumpokea. Kuna watu huona hapo ugumu wa moyo. Mimi naona pia mtu aliyechungulia dirishani akaona damu yake imesimama upande wa mizinga.

Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zikaandikiana mipaka. Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa maili kumi, kuanzia kusini karibu na Mto Ruvuma hadi Kipini, pamoja na miji michache ya kaskazini kama Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu. Bara yote aliyodhani ni yake ikagawanywa bila yeye kuitwa mezani. Mwezi uliofuata akakubali, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Kwa hiyo jina la mdomo wa mto wetu limo katika karatasi iliyomvunja.

Afya yake ikadhoofika. Alisafiri hadi Omani kutafuta nafuu, akarudi, na mwisho wa Machi 1888 akafariki, muda mfupi baada ya kufika nyumbani. Allah amrehemu. Mwaka 1899 Maruhubi ikashika moto, mbao zote zikaisha. Marumaru za hamamu zikaibwa. Zikabaki nguzo, birika, na vidimbwi vyenye mayungiyungi. Na Beit al-Ajaib, lililoyaona mabomu ya mwaka 1896 likasimama, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.

Wengi humaliza habari hii kwa kusikitikia jengo. Mimi nataka tuwasikitikie na watu. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897, na huku kwetu pwani ya Kenya hadi 1907. Maana yake Maruhubi ilijengwa katika nchi ambayo jasho la mtumwa bado lilikuwa mali ya mwingine. Karafuu zilizolipia bustani zilichumwa na mikono hiyo. Jina la Sultani limehifadhiwa, jina la fundi wa Hamamni limehifadhiwa. Waliobeba mawe ya Maruhubi wamebaki bila majina.

Na hapa ndipo Hola inapohusika. Mifereji ya unyunyizaji ya hapa petu ilianza kuchimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 walipigwa hadi 11 wakafa, kwa sababu ya kukataa kufanya kazi ile. Serikali ya kikoloni kwanza ikadai walikufa baada ya kunywa maji. Maji, jamani! Sisi angalau tuna shule ya sekondari yenye jina la kumbukumbu hiyo, na kila mwanafunzi anayevaa sare yake amebeba habari yao kifuani.

Kwa hiyo nikimhukumu Barghash, namhukumu kwa mizani mbili. Bustani ya Maruhubi aliizungushia ukuta, nayo moto uliimaliza katika miaka 17. Maji ya Chemchem aliyaachia mji, nayo ndiyo watu walimkumbukia kwa dua. Viongozi wetu wa leo nao hupenda kuzindua majengo na kupigwa picha mbele ya chemchemi za mapambo, ilhali Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, unapita mbele ya akina mama walioshika madumu. Sikatai uzuri. Mji bila mti na kivuli unachosha roho. Ila maji yaanze kwa mwenye kiu, ndipo yaende kwenye yungiyungi.

Msomaji, ukifika Unguja, panda daladala hadi Maruhubi. Simama kati ya zile nguzo, utazame vidimbwi. Muombee mwenye bustani, na uwaombee waliochimba.