Septimius Severus, Kaisari aliyezaliwa Afrika

Mwaka wa 2020 Daniel Voshart, fundi wa picha wa huko Canada, alitoa picha za makaisari 54 wa Rumi alizozitengeneza kwa kompyuta, kila mmoja akionekana kama mtu aliyepigwa picha jana. Katika hao wote mimi nilimtafuta mmoja tu: Septimius Severus, mtoto wa Afrika aliyeitawala Rumi. Jina la Warumi tunalijua tangu chuoni, maana iko sura ya Qurani yenye jina lao, lakini Warumi wa zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa wale wa Konstantinopoli, miaka kama 400 baada ya mtu huyu.

Severus alizaliwa mwaka wa 145 katika Leptis Magna, mji wa pwani ulio Libya ya leo, mashariki ya Tripoli. Mji huo uliasisiwa na Wafoinike, mabaharia na wafanya biashara wenye asili ya pwani ya Shamu, na wenyeji wake walisema Kipuni, lugha iliyo na udugu na Kiarabu. Ukoo wa babake ulikuwa wa hapo hapo. Wa mamake ulikuwa na asili ya Italia. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba lafudhi ya kwao haikumtoka hata uzeeni. Wanasimulia pia kwamba dadake alipomzuru Rumi, Kilatini kilimpiga chenga, hata Severus akaona haya akamrudisha kwao.

Alipanda vyeo vya serikali kimoja baada ya kimoja. Mkewe wa kwanza alipofariki, alimwoa Julia Domna, binti wa kuhani wa Emesa, mji ambao sasa ni Homs katika Syria. Julia alikuwa mwanamke msomi, aliyependa kukaa na wanazuoni.

Mwaka wa 193 askari wa ikulu walimwua Kaisari Pertinax, kisha wakakinadi kiti chake kama mali ya mnadani. Severus, aliyekuwa akiongoza majeshi katika bonde la mto Danube, alitangazwa kaisari na askari wake, akaiendea Rumi na kuitwaa. Alimshinda Niger huko mashariki mwaka wa 194, na Albinus karibu na Lyon, Ufaransa, mwaka wa 197. Hakuwa mpole: maseneta 29 waliompendelea Albinus aliwaua. Kisha akavuka hadi Iraki, akauteka mji wa Ctesiphon, si mbali na ilipo Baghdad.

Kwao hakukusahau. Aliijengea Leptis Magna soko kubwa, jumba la mahakama, njia yenye safu za nguzo, na bandari akaipanua. Magofu yake yangalipo, na mwaka wa 1982 UNESCO iliyatia katika urithi wa dunia.

Mwaka wa 208, miguu ikimwuma kwa jongo, alikwenda kupigana Uingereza. Alifia York tarehe 4 Februari 211. Inasimuliwa kwamba aliwausia wanawe, Caracalla na Geta, wapatane, wawatajirishe askari, na wengine wasiwajali. Mwaka haujaisha, Caracalla alimwulisha nduguye mbele ya mama yao.

Sasa turudi kwenye picha. Kompyuta hiyo hulishwa maelfu ya picha za watu wa leo, ikajifunza ngozi, macho na nywele zilivyo. Voshart aliipa picha za sanamu za mawe, naye akarekebisha kwa mkono wake. Pua na kidevu jiwe lina ushahidi wake. Rangi halina, kwa kuwa sanamu hizo zilipakwa rangi zamani nazo zimekwisha kufutika. Hapo hutegemea kompyuta imelishwa nini na fundi amesoma nini. Ikilishwa nyuso za Wazungu, Mlibya naye atatoka Mzungu. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa.

Lakini Severus ana shahidi mwingine. Mjini Berlin upo ubao wa duara, upana wake sentimita 30 hivi, uliochorwa Misri yapata mwaka wa 200, Severus yu hai. Yeye ana uso wa hudhurungi na ndevu za mvi. Julia ni mweupe zaidi. Hata ubao huu si wa kuaminiwa kila kitu, kwani wachoraji wa zama zile walikuwa na desturi ya kuwapaka wanaume rangi nzito kuliko wanawake. Chini wamesimama watoto wawili. Mmoja hana uso. Caracalla aliamuru sura ya Geta ifutwe kila mahali, na aliyetii aliikwaruza mpaka kwenye mbao.

Kwa hivyo msomaji, ukionyeshwa Severus wa kompyuta, mtazame kwa furaha, kisha umwulize aliyemtengeneza: rangi hii umeitoa wapi?