Alexander Mackay, Mwalimu wa Ziwani

Katika mwaka huu wa jubilei tunawakumbuka waliotutangulia, na sisi tukaao Nyamagana tumeona vema kueleza habari za Alexander Mackay. Kazi yake katika nchi za ziwa ilianza katika pwani hii ya kusini, nayo ikaishia pwani hii hii. Tena mfano wake wawafaa sana waalimu wetu.

Mackay alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani katika utoto wake. Baadaye alisoma ualimu mjini Edinburgh, kisha uhandisi, akafanya kazi ya mitambo Berlin. Mwaka 1876 alitumwa Afrika na chama cha C.M.S.

Mwezi wa Juni 1878 akafika Kageye, si mbali na Mwanza. Huko alikuta mizigo ya misheni imetawanyika, vyuma vimeshika kutu, na mashua iitwayo Daisy imeharibika. Hakuketi kulalamika, bali alitafuta mahali pa kila kipande, akaitengeneza mashua. Walipokuwa safarini tufani ikaivunja. Basi yeye na mwenziwe Wilson wakaondoa sehemu ya katikati, wakaunga pande mbili zilizosalia. Mwezi wa Novemba wakafika Buganda.

Kwa Kabaka Mutesa alianza kufundisha kwa Kiswahili, akitumia vitabu alivyovifasiri Askofu Steere wa Unguja, kisha akafundisha kwa Kiganda. Vitabu vilikuwa haba, basi alichonga herufi za mti, akapiga chapa karatasi za kusomea. Wanafunzi wake waliitwa wasomaji. Wengi walisoma wakiwa wamemzunguka huku mikono yake ikifanya kazi ya useremala au ya uhunzi, hata wakaona kwamba kusoma na kutenda ni ndugu.

Siku moja alichimba kisima kirefu, akatia bomba la kuvuta maji. Watu walipoona maji yakipanda juu walistaajabu, wakadhani kwamba Mackay ni mmoja wa mizimu. Mwalimu apendaye sifa angalinyamaza, apate kuogopwa. Yeye alikataa heshima hiyo, akawaambia kwamba ni mtu kama wao, akawaeleza jinsi bomba livutavyo maji. Hapo ndipo tunapomwona mwalimu wa kweli: hakutaka wanafunzi wamshangae, alitaka wafahamu.

Lakini hatufichi upungufu wake. Mapadre Wakatoliki walipofika mwaka 1879, yeye na wao walishindana vikali mbele ya Kabaka, na mashindano hayo yaliwatia watu mashaka. Kushindana kwa hoja si kosa; ila maneno makali ya waalimu huwafundisha wanafunzi kuchagua upande kabla hawajapima neno.

Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala Mwanga. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu wasomaji waliuawa, na mwaka 1886 wakauawa wengi, wa misheni zote mbili. Waalimu wasingeweza kuwakusanya watu kama zamani. Je, masomo yalikoma? La. Wasomaji walikutana kwa siri majumbani, mwenye kujua akamfundisha asiyejua. Kama wangalikariri tu midomoni, elimu yao ingaliondoka pamoja na mwalimu.

Mwezi wa Julai 1887 Mackay alifukuzwa Buganda, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Huko aliendelea kufasiri, kupiga chapa, na kuunda chombo cha kuvukia ziwa. Homa ikamshika, akafa mwezi wa Februari 1890, umri wake miaka 40. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe.

Basi, ndugu waalimu, tujihoji. Mtoto akijibu upesi kama kasuku, tusifurahi mapema. Tumwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe, tena atuonyeshe kwa mikono yake. Akiuliza sababu, tusimkemee kana kwamba ametuvunjia heshima. Nanyi wazazi, mpeni nafasi ya kuuliza nyumbani. Iko siku sisi hatutakuwapo darasani, na siku hiyo ndiyo itakayoonyesha kama tulifundisha.