Salim Maula wa Abu Hudhaifa (R.A.): Imamu Asiyejulikana Baba Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu watukufu, katika ukurasa wetu wa maisha ya Masahaba, mwaka huu tumemchagua mtu ambaye jina lake hutajwa kila wanapotajwa mabingwa wa Qur'ani, lakini wengi wetu hatujui habari zake. Naye ni Salim, aliyejulikana kwa jina la Salim Maula wa Abu Hudhaifa, Mwenyezi Mungu amuwie radhi.

Tumemchagua kwa sababu. Kila tunapoandikisha wanafunzi wapya, katika fomu pana mstari wa jina la baba. Wapo kina mama wanaofika kwenye mstari huo wakainamisha kichwa. Wengine huandika jina la babu yake mtoto, wengine la mjomba. Kisha mtoto huyo akikosana na wenzake kwa jambo dogo, la kalamu au la mpira, hurushiwa lile neno zito, mwanaharamu. Mtoto hurudi kwao akilia, na wapo ambao hawakuonekana tena chuoni. Tumeona tusilinyamazie jambo hili, na kwamba njia njema ya kulisema ni kumsimulia Salim.

ASILI YAKE

Salim alikuwa mtu wa Uajemi. Wanahistoria wengi wanasema asili yake ni mji wa Istakhr. Aliingia katika nchi ya Waarabu akiwa mtumwa. Alimilikiwa na bibi mmoja wa Kiansari, mke wa Abu Hudhaifa, naye akamwacha huru. Ama baba yake, watu wa Makka na Madina hawakumjua. Wapo waandishi waliotaja jina lake, lakini hawakuafikiana juu ya jina hilo.

Tuseme wazi hapa ili tusimzulie Sahaba wa Mtume: haikupokewa kuwa Salim alizaliwa nje ya ndoa. Kilichopokewa ni kuwa hakuwa na baba anayejulikana wa kunasibishwa naye. Lakini kwa Waarabu wa zama zile, aibu ya mtu wa namna hiyo ilikuwa kubwa. Mtu alijulikana kwa baba yake, na babu yake, na babu wa babu yake. Washairi walisifu kwa nasaba na wakatukana kwa nasaba. Mtu akiuliwa, kabila lake ndilo lililodai damu yake. Asiye na nasaba hakuwa na wa kumlinda, wala hapakuwa na mwenye nyumba ya heshima aliyekubali kumwoza binti yake.

Abu Hudhaifa yeye alikuwa upande wa pili kabisa. Alikuwa mtoto wa Utba bin Rabia, mmoja wa mabwana wakubwa wa Maquraishi. Alisilimu mapema, akahamia Habasha pamoja na Waislamu waliokimbia mateso ya Makka. Mtu huyu mwenye nasaba ya kutajwa alimchukua Salim akamfanya mwanawe, kama Bwana Mtume (S.A.W.) alivyomfanya Zaid bin Haritha. Watu wakawa wanamwita Salim mwana wa Abu Hudhaifa. Kisha akamwoza binti wa ndugu yake, al-Walid bin Utba. Hebu fikirini, binti wa Kiquraishi wa nyumba ya mabwana, anaolewa na mtumwa aliyeachwa huru asiyejulikana baba yake! Jambo hili lisingewezekana kabla ya Uislamu.

IMAMU WA MUHAJIRINA

Waislamu walipoanza kuhamia Madina katika mwaka 622, kundi la mwanzo lilifikia Quba, mahali palipoitwa al-Usba, kabla Bwana Mtume (S.A.W.) hajawasili. Wakati wa swala ukaingia. Katika kundi lile walikuwamo Maquraishi wa nasaba kubwa, akiwamo Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Nani aliyetangulizwa? Alitangulizwa Salim. Haikuulizwa baba yake ni nani. Iliangaliwa nani amehifadhi Qur'ani zaidi, akaonekana ni yeye. Akasimama mbele, na mabwana wa Kiquraishi wakarukuu na kusujudu nyuma yake.

Wanafunzi wapenzi, wengi wetu hupita haraka juu ya habari hii. Umar (R.A.), ambaye kabla ya Uislamu alihofiwa Makka nzima, aliweka paji lake la uso chini nyuma ya mtu ambaye Makka ile ile isingempa hata nafasi ya kukaa barazani.

Kisha vikaja Vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria (624). Abu Hudhaifa alikuwa upande wa Waislamu, na baba yake Utba alikuwa upande wa makafiri. Utba akauliwa siku ile. Mwili wake ulipokuwa unaburutwa kwenda kisimani, Mtume (S.A.W.) aliona uso wa Abu Hudhaifa umebadilika, akamuuliza. Akajibu kuwa hakuwa na shaka na dini yake, ila alimjua baba yake kuwa ni mtu wa akili na busara, akatarajia akili ile ingemfikisha kwenye Uislamu. Mtume (S.A.W.) akamwombea kheri.

Basi tazameni. Aliyekuwa na baba mkubwa, baba yake alikufa akiipiga vita haki. Na asiyekuwa na baba wa kutajwa alikuwa imamu wa watu wema.

AYA ILIYOSHUKA

Baadaye ilishuka aya ya 5 ya Suratul Ahzab, iliyoamrisha watoto wa kulelewa waitwe kwa baba zao waliowazaa. Zaid, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarudishiwa jina la Haritha, baba yake. Lakini Salim angerudishwa kwa nani?

Mwenyezi Mungu hakumsahau. Katika aya ile ile amesema juu ya wale ambao baba zao hawajulikani, kuwa hao ni ndugu zetu katika dini na rafiki zetu. Tangu hapo Salim hakuitwa tena mwana wa Abu Hudhaifa, akaitwa maula wake. Jina la kubuni liliondolewa, na udugu wa kweli ukathibitishwa. Asiyejulikana baba yake ametajwa ndani ya Kitabu kinachosomwa mpaka Siku ya Kiyama, na ametajwa kwa jina la ndugu.

BINGWA WA QUR'ANI

Bwana Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza watu kuichukua Qur'ani kwa watu wanne: Abdullah bin Masud, Salim, Ubayy bin Kaab na Muadh bin Jabal (R.A.). Na imepokewa kuwa usiku mmoja Bibi Aisha (R.A.) alichelewa kurudi nyumbani. Mtume alipomuuliza, alieleza kuwa alisimama kusikiliza kisomo cha mtu msikitini ambacho hajapata kusikia mfano wake. Mtume akatoka naye, akasikiliza, akamwambia kuwa yule ni Salim, kisha akamshukuru Mwenyezi Mungu aliyejaalia katika umma wake mtu kama yule.

KUFA KWAKE

Katika mwaka wa 12 Hijria (633), zama za ukhalifa wa Sayyidna Abubakar (R.A.), Waislamu walipambana na jeshi la Musailima, mwongo aliyedai utume, huko Yamama. Vita vilikuwa vikali. Aliyeshika bendera ya Muhajirina, Zaid bin al-Khattab, ndugu yake Umar, aliuawa. Bendera akaichukua Salim. Baadhi ya wenzake wakahofu wasije wakashambuliwa kupitia upande wake. Akawajibu kuwa atakuwa mchukuzi mbaya wa Qur'ani ikiwa watashambuliwa kupitia kwake. Akapigana mkono wake wa kulia ukakatwa, akaishika bendera kwa wa kushoto. Wa kushoto nao ukakatwa, akaikumbatia kifuani mpaka akaanguka.

Abu Hudhaifa naye aliuawa siku ile ile. Imepokewa kuwa walikutwa wamelala karibu karibu, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake. Kwa sababu ya mahafidhi wengi kufa katika vita vile, Sayyidna Umar alimshauri Sayyidna Abubakar Qur'ani ikusanywe pahala pamoja, na kazi hiyo ikafanywa na Zaid bin Thabit (R.A.).

Miaka ikapita. Sayyidna Umar alipochomwa kisu katika mwaka wa 23 Hijria (644), akiwa anafikiria nani ashike ukhalifa baada yake, imepokewa kuwa alimtaja Salim, akasema kuwa lau angekuwa hai angemkabidhi jambo hilo bila ya wasiwasi.

MAZINGATIO

Kwanza, zinaa ni dhambi kubwa, na hatuandiki haya ili tuifanye nyepesi. Ndoa ni ngao ya mtoto, na wazazi wanaoiruka wanamwachia mtoto mzigo ambao yeye hakuutafuta. Lakini dhambi ni ya waliotenda. Qur'ani imesema pahala pengi kuwa hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Imepokewa kuwa Bibi Aisha (R.A.) aliitegemea hukumu hii akakataa mtoto wa zinaa abebeshwe dhambi ya wazazi wake.

Pili, watu husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Lau ingekuwa hivyo, Abu Hudhaifa mwana wa Utba asingekuwa Sahaba, wala Ikrima mwana wa Abu Jahal asingekufa shahidi. Na Ikrima alipokuja kusilimu, imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu wasimtukane baba yake mbele yake. Ikiwa Abu Jahal hatukanwi mbele ya mwanawe, vipi tumtukane mama wa mtoto mbele ya mtoto?

Tatu, Imam al-Bukhari aliiweka habari ya Salim kuwaswalisha Muhajirina katika mlango wa uimamu wa mtumwa na maula, na katika kichwa cha mlango huo huo akamtaja mtoto wa mwanamke mzinifu. Wanazuoni walihitilafiana juu ya kumweka mtu huyo kuwa imamu wa kudumu, lakini wengi wao wanasema kuwa swala nyuma yake ni sahihi. Basi ikiwa anaweza kusimama mbele ya safu, hawezi kukaa kwenye mkeka wa chuo pamoja na wenziwe?

Nne, neno mwanaharamu si tusi la mtoto peke yake. Anayelitamka amemtuhumu mama kwa zinaa. Suratun Nur imeweka bakora 80 kwa anayewasingizia wanawake watwaharifu bila ya kuleta mashahidi wanne, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Mtoto anayelirusha neno hili kiwanjani amelisikia kwa mtu mzima. Wazazi wetu, tuchunge tunayoyasema mezani na barazani.

Tano, kwa wewe mwanafunzi ambaye mstari ule katika fomu unakuumiza. Hukuchagua namna ya kuzaliwa, kama sisi sote hatukuchagua. Lakini kuhifadhi, kuswali na kusema kweli ni mambo unayoweza kuyachagua leo. Salim hakupewa nasaba, akapewa Qur'ani, nayo ikamtanguliza mbele ya wenye nasaba. Rudi chuoni, mkeka wako upo.

Na kina mama, msimzuie mtoto kwa kuona haya. Mkifika kwenye mstari ule mkakosa la kuandika, uacheni wazi. Sisi walimu hatutauliza mbele za watu, na mtoto tutampokea.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu, atuhifadhie watoto wetu wote, na atufufue pamoja na watu wa Qur'ani. Amin.

Wabillahi Tawfiq.