Dizeli ni jina la mtu: Alitaka kumwokoa fundi mdogo, akaishia kusukuma meli za dunia

Kila siku unalitaja jina lake bila kumjua. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA ikitangaza bei mpya za mafuta, unalisikia tena, na kesho yake kondakta analitumia kama sababu ya kukuongezea nauli. Tumelizoea hadi tunaliandika kwa herufi ndogo, dizeli, kana kwamba lilichimbwa ardhini pamoja na mafuta yenyewe. Kumbe ni jina la ukoo la jamaa mmoja Mjerumani, Rudolf Diesel. Alitoweka baharini usiku akiwa na umri wa miaka 55, akiwa maarufu kote duniani na amesota vibaya.

Wacha nikusimulie habari zake, maana bila yeye hizo meli kubwa unazoziona zikiingia Kilindini zisingekuwa zilivyo.

Rudolf alizaliwa Paris mnamo Machi 18, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani na baba yake alikuwa fundi wa bidhaa za ngozi. Haikuwa familia ya pesa. Mwaka wa 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Wajerumani, na ghafla wageni wenye majina ya Kijerumani hawakutakikana tena mjini. Familia ikakimbilia London. Huko maisha yakawa magumu, na kijana huyo wa miaka 12 akatumwa peke yake kwenda Augsburg, Ujerumani, akaishi na jamaa zao. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu. Hapo ndipo Rudolf alipoamua kwamba atakuwa mhandisi, na hakuwahi kubadilisha nia.

Alienda kusomea Munich kwa msaada wa masomo. Mwaka wa 1879, wenzake walipokuwa wakimaliza, yeye alikuwa kitandani anaugua homa ya matumbo. Alifanya mtihani wake Januari 1880 na akapita kwa alama za juu kabisa. Lakini kitu muhimu alichotoka nacho chuoni kilikuwa swali alilolipata darasani kwa profesa wake, Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza baridi.

Swali lenyewe ndilo hili. Wakati huo dunia iliendeshwa na mvuke. Unachoma makaa ya mawe, unachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni. Sawa, lakini mashine nyingi za mvuke zilikuwa zikitumia chini ya sehemu 10 kati ya 100 za joto la yale makaa. Zile nyingine 90 zilienda na moshi. Ni kama kununua debe la maji, ukamwaga karibu lote njiani, ukafika nyumbani na kikombe. Rudolf alijiuliza kwa nini huo moto usiwashwe ndani ya silinda yenyewe, na upotevu upungue.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkera. Mashine ya mvuke ilikuwa kubwa na ghali, mali ya tajiri mwenye kiwanda. Fundi mdogo kama baba yake hangeimudu. Kwa hivyo mwenye mtaji aliendelea kumla fundi wa mtaani. Rudolf alitaka injini ndogo, isiyokula mafuta mengi, inayoweza kukaa kwenye karakana ya mtu wa kawaida ili naye ashindane. Kumbuka hiyo ndoto, tutairudia.

Sasa, wazo lake unaweza kulijaribu nyumbani. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, halafu pampu kwa nguvu mara kadhaa. Gusa upande wa chini. Ina joto, sivyo? Hewa ukiibana haraka, inapata moto. Rudolf alisema, kwa hesabu zake, kwamba ukiibana vya kutosha itakuwa moto kiasi kwamba ukiingiza mafuta ndani, yatawaka yenyewe. Hakuna plagi, hakuna cheche. Hiyo ndiyo tofauti na injini ya petroli hadi leo: petroli huwashwa na plagi, dizeli huwashwa na hewa iliyobanwa.

Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Mwaka wa 1893 alipata hataza yake, na kiwanda cha mashine cha Augsburg kikakubali kumpa nafasi ya kujaribu. Kampuni ya Krupp nayo ikasaidia kwa pesa. Agosti 1893 wakawasha injini ya kwanza. Mafuta yaliwaka kweli, lakini mlipuko ulikuwa mkali hadi kipimo cha mgandamizo kikapasuka na vipande vikaruka. Walionusurika hapo walibahatika. Hata hivyo alichotaka kujua alikuwa amekijua: hewa peke yake inaweza kuwasha mafuta.

Februari 1894 injini ikazunguka yenyewe kwa muda wa kama dakika moja. Dakika moja tu, baada ya kazi ya miezi mingi! Iliwachukua miaka mingine mitatu ya kubadilisha noza, valvu na pampu. Hatimaye, Februari 17, 1897, profesa mmoja wa Munich akaja kuipima rasmi. Ilikuwa na silinda moja, nguvu za farasi zipatazo 20, na ilitumia sehemu 26 kati ya 100 za joto la mafuta. Hakuna injini iliyokuwa imefika hapo. Rudolf akaomoka. Mfanyabiashara wa bia wa Marekani, Adolphus Busch, alilipa alama milioni moja za Kijerumani kupata haki za kuitengeneza kwao.

Ila injini za kwanza kuuzwa zilisumbua. Ziliharibika, wateja wakalalamika, na wapinzani wakadai wazo halikuwa lake. Rudolf mwenyewe akaumwa na uchovu wa akili hadi akapelekwa kupumzika. Waliokuja kuzituliza hizo injini ni mafundi na wahandisi wa viwanda mbalimbali, pole pole, skrubu kwa skrubu.

Halafu bahari ikaingia kwenye hadithi.

Fikiria meli ya mvuke ya wakati huo. Tumbo lake limejaa makaa, na chini huko kuna kundi kubwa la wanaume wanaopiga sepetu usiku na mchana ndani ya joto la kufisha. Kila baada ya siku kadhaa lazima meli isimame bandarini kupakia makaa mengine. Ukiweka injini ya Diesel, hao wapiga sepetu hawahitajiki, mafuta yanakaa kwenye matangi chini ya meli, nafasi ya mizigo inaongezeka, na unaweza kuvuka bahari bila kusimama. Februari 1912, meli ya Kidenmaki iitwayo Selandia, iliyotengenezwa na Burmeister & Wain, iling'oa nanga kutoka Copenhagen kuelekea Bangkok ikiwa na injini mbili za dizeli. Haikuwa na dohani kubwa ya moshi kama meli nyingine, na watu waliitazama bandarini kwa mshangao. Ilipopita London, Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini la Uingereza, alienda kuikagua. Rudolf aliishi akayaona haya.

Sasa tuone hiyo mbegu imekua kiasi gani. Mwaka wa 2006 meli ya makontena Emma Maersk ilianza kazi na injini ya Wärtsilä yenye silinda 14. Injini hiyo ina uzito wa takriban tani 2,300 na kimo cha mita 13 na zaidi, yaani kama nyumba ya ghorofa nne. Silinda moja ina upana wa sentimita 96, na pistoni yake hupanda na kushuka mita 2.5. Silinda moja tu inatoa nguvu za farasi zaidi ya 7,000. Matatu nyingi za abiria 14 hazifiki hata 200. Lakini mwendo wake sasa! Ikikaza kabisa, inazunguka mara 102 kwa dakika. Matatu iliyosimama steji ikiunguruma tu inazunguka mara nyingi zaidi ya hapo.

Upole huo una sababu. Propela kubwa ikizunguka pole pole inasukuma maji vizuri kuliko ndogo inayokimbia. Kwa hivyo injini imeunganishwa moja kwa moja na propela, bila gia katikati. Pistoni ikipanda inabana hewa, mafuta yanapulizwa, yanawaka, pistoni inasukumwa chini. Ikikaribia chini inafungua matundu ukutani mwa silinda, hewa safi kutoka kwa turbo inaingia kwa kasi na kuufukuza moshi kupitia valvu ya juu. Kisha inapanda tena. Kila mzunguko, silinda inafanya kazi mara moja.

Na hiyo injini huiwashi kwa ufunguo. Kabla ya safari, wahandisi hupasha joto maji yanayozunguka silinda na kuanzisha pampu za oili. Kisha huzungusha injini taratibu kwa mota ya umeme huku vali ndogo za juu zikiwa wazi. Wanatafuta nini? Maji au mafuta yaliyovuja ndani. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Yakiwa ndani pistoni ikapanda, kitu kitavunjika, na bei yake hutaki kuijua. Wakiridhika, wanafungulia hewa iliyohifadhiwa kwenye matangi kwa mgandamizo wa takriban baa 30. Hiyo hewa ndiyo inayosukuma pistoni za kwanza, halafu mafuta yanachukua nafasi.

Kurudi nyuma je? Hakuna gia, umesahau? Injini inazimwa, inapangwa upya, inawashwa izunguke upande ule mwingine. Kila uwashaji unakula hewa, ndiyo maana sheria zinataka matangi yatoshe kuwasha mara 12 mfululizo bila kujazwa. Mhandisi mkuu akiona nahodha anaenda mbele, nyuma, mbele, nyuma bandarini, anatazama kipimo cha hewa kama unavyotazama betri ya simu ikibaki asilimia tano.

Mafuta yenyewe pia ni hadithi. Meli nyingi kubwa hutumia mafuta mazito, yale mabaki yanayosalia kiwandani baada ya petroli na mafuta ya taa kutolewa. Yakipoa yanakuwa mazito kama lami. Lazima yapashwe moto, yazungushwe kwa kasi kwenye mashine ya kuyasafisha ili maji na uchafu vitoke, kisha yapashwe tena kupita nyuzi 100 ndipo noza ikubali kuyapuliza. Kwa miaka mingi moshi wake ulijaa salfa na kuwasumbua watu wanaoishi karibu na bandari. Tangu Januari 1, 2020, sheria ya kimataifa imeshusha salfa inayoruhusiwa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, isipokuwa meli iwe na mtambo wa kusafisha moshi. Lakini pale Rudolf alipofikisha 26, injini hizi leo zinafikisha kama nusu ya joto lote la mafuta.

Rudolf hakuyaona hayo. Pesa alizopata zilimponyoka. Alijenga jumba la kifahari Munich, akawekeza kwenye ardhi na visima vya mafuta, na biashara hizo zikazama. Nje alionekana tajiri anayealikwa kila mahali. Ndani, madeni yalikuwa yamemfika shingoni.

Jioni ya Septemba 29, 1913, alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza kwa mkutano wa kampuni. Alikula na wenzake, akaenda chumbani mwendo wa saa nne usiku, akaagiza aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi. Asubuhi kitanda hakikuwa kimelaliwa. Kofia na koti lake vilipatikana nyuma ya meli, karibu na reli. Siku kama kumi baadaye mabaharia Waholanzi waliopoa mwili, wakachukua vitu vya mfukoni, wakaurudisha baharini. Mwanawe Eugen alivitambua: ni vya baba.

Magazeti yakajaa uvumi. Kuna waliosema aliuawa kwa sababu ya siri za nyambizi, wengine wakasema ni ajali. Wengi waliochunguza hesabu zake wanaamini alijirusha. Na Dresden, hiyo meli aliyopotelea, ilikuwa ya mvuke.

Ndoto yake je, ile ya fundi mdogo? Ukiitafuta kwenye meli ya tani laki moja na zaidi hutaiona. Hiyo ni injini ya mwenye mtaji, tena mkubwa kuliko mwenye kiwanda yeyote aliyemkera Rudolf. Lakini nenda ushago, mahali ambapo nyaya za umeme hazijafika, usikilize mashine ya kusaga posho ikipiga tuk-tuk-tuk kibandani. Ni silinda moja, hakuna plagi, na huwashwa kwa kuzungushwa mkono. Mwenyewe ni mama au mzee wa pale pale, na foleni ya watu wenye debe za mahindi inamngoja. Hiyo ndiyo injini ambayo mwana wa fundi wa ngozi alikuwa anaifikiria.