Moyo wa Jenerali Eisenhower ni funzo kwetu

Wengi hudhani kwamba mtu akinusurika mshtuko wa moyo, hatari imekwisha. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu ni Dwight Eisenhower.

Alizaliwa Texas, Marekani, mwaka wa 1890. Mnamo Juni 1944 ndiye aliyeongoza majeshi ya muungano yaliyovuka bahari na kuingia Normandy, Ufaransa. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara hadi alipoacha mwaka wa 1949. Mwaka wa 1953 akawa Rais.

Septemba 1955, akiwa likizoni Denver, alicheza gofu mchana na usiku akashikwa na maumivu. Mwanzoni yalidhaniwa kuwa ya tumbo, kumbe ni moyo. Alilazwa kwa majuma kadhaa, akapata nafuu, akachaguliwa tena mwaka wa 1956.

Lakini moyo uliojeruhiwa hubaki na kovu, na kovu halisukumi damu. Alipatwa na mishtuko mingine mwaka wa 1965 na 1968. Shujaa aliyewashinda majenerali wa Hitler alilazwa Mei 1968, asirudi tena nyumbani. Alifariki tarehe 28 Machi 1969, akiwa na umri wa miaka 78, moyo wake ukiwa umeshindwa na kazi.

Maradhi haya hubisha hodi kabla ya kuingia. Mgonjwa hutweta akipanda ngazi alizozizoea. Hawezi kulala bila kurundika mito, au hugutuka usiku akitafuta pumzi. Miguu huvimba hata viatu vikambana. Uzani huongezeka kwa siku chache tu, kwa kuwa maji yamejaa mwilini. Uchovu haumwachi. Nasi husema ni uzee, ama amerogwa!

Nawasihi walio na wagonjwa wa namna hii wawapime uzani kila asubuhi, wawapeleke kwa daktari dalili zingali changa, wala wasiwaruhusu kuacha dawa kwa kuwa wamepata nafuu. Akikosa pumzi hali ametulia, au kifua kikimbana, apelekwe hospitalini saa iyo hiyo. Siku hizi zipo dawa za kurefusha maisha ambazo Eisenhower hakuzipata.

Yeye alikuwa na madaktari bingwa kando yake. Wengi wetu tuna macho ya jamaa zetu tu. Basi na yaone mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.