John Akii-Bua, Askari Mruka Viunzi

Watoto wa Msimbati, katika Mnazi Bay, hushindana mbio mchangani maji yakupwapo. John Akii-Bua, aliyefariki mwaka 1997, alizaliwa mbali na bahari, kaskazini ya Uganda katika nchi ya Walango, mwaka 1949. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi, na watoto wa nyumba ile walipita 40. John alichunga ng'ombe. Baba alipokufa aliacha shule, na baadaye akaingia kazi ya polisi.

Huko Kampala, Jorem Ochana, polisi mwenzake aliyekuwa bingwa, alimfundisha kuruka viunzi, yaani vizuizi vya mbao vilivyosimamishwa njiani. Mafunzo yalikuwa makali kweli. Juu ya kiunzi Ochana alikingamisha ufito, ili kijana apite katikati. Akiinua kichwa, hujigonga. John alijigonga, akatoka damu, hata akabaki na kovu katika paji la uso. Hakuacha.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa nne. Na wa nne hapewi nishani. Akarudi mazoezini, akikimbia na kizibao kizito mwilini.

Mwaka 1972, huko Munich, alipewa njia ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji huichukia kwa sababu ya kona zake kali. Mita 400, viunzi 10: aliwashinda wote kwa sekunde 47.82. Kabla yake hapana mtu aliyezikimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Wenzake walipokuwa wakihema, yeye aliendelea kuuzunguka uwanja, akirukaruka kwa furaha.