Kitili Mwendwa: Jaji Mkuu Aliyerudi kwa Wapiga Kura

Barabara itokayo Kibwezi, upande wa Makueni, hupita mji wa Kitui, ikafika soko la Kabati, kisha ikashika njia ya Migwani na Mwingi. Kabati ni kitovu cha eneo bunge la Kitui Magharibi, na katika uchaguzi mwingi uliofanyika huko tangu mwaka 1974 jina la Mwendwa halikukosa kutajwa. Aliyelibeba jina hilo kwa muda mfupi kuliko wote Bungeni ndiye aliyekuwa amelifikisha mbali kuliko wote serikalini, na ndiye aliyeporomoka kutoka juu zaidi.

Kitili Maluki Mwendwa alizaliwa mwaka 1929, mwana wa Mwendwa Kitavi, chifu mwenye nguvu wa Kitui katika enzi za ukoloni. Jamaa hiyo iliwahi mapema kuishika elimu ya kizungu. Nduguye Eliud Ngala aliingia katika siasa na kuwa Waziri wa Leba katika serikali ya kwanza ya Kenya huru. Mwingine, Kyale, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Mkurugenzi wa Elimu. Kitili alisoma Makerere, akaenda Uingereza kusomea sheria. Aliporudi, nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa mawakili Waafrika, naye akapanda upesi hadi kuwa Wakili Mkuu wa Serikali, chini ya Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo.

Siasa za Ukambani wakati huo hazikuwa shwari. Katika uchaguzi wa Mei 1963 Paul Ngei alikuwa amejitenga na KANU na kuunda chama chake cha APP, kilichonyakua viti vingi vya Wakamba kabla ya Ngei kurejea KANU mwaka huohuo. Ngala alibaki KANU. Hivyo jamaa ya Mwendwa ilihesabiwa miongoni mwa waaminifu wa Mzee Jomo Kenyatta, na haikushangaza kwamba mwaka 1968 Kitili, akiwa bado hajafikia umri wa miaka 40, aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kenya, akimrithi Sir John Ainley.

Wanafunzi wa sheria wanamjua hasa kwa kesi moja. Mwaka 1969, katika kesi ya El Mann, mshtakiwa alidai kuwa kumlazimisha kujibu hojaji ya serikali chini ya sheria ya kudhibiti fedha za kigeni kulivunja haki yake ya kikatiba ya kutojishuhudia dhidi yake mwenyewe. Kitili, akiketi pamoja na majaji Farrell na Chanan Singh, hakukubali. Mahakama ilishikilia kwamba Katiba isomwe kama sheria nyingine yoyote ya Bunge: maneno yakiwa wazi, yapewe maana yake ya kawaida, basi. Uamuzi huo ulilaumiwa sana na vizazi vya baadaye kwa kuidhoofisha Katiba, na lawama hiyo ina haki. Hata hivyo unamwonyesha mtu aliyeamini kuwa neno lililoandikwa linatosha kumlinda raia.

Miaka miwili baadaye imani hiyo ilijaribiwa juu yake mwenyewe. Mnamo Juni 1971 kundi la watu lilishtakiwa mjini Nairobi kwa kupanga kuipindua serikali. Miongoni mwa waliofungwa alikuwamo Gideon Mutiso, Mbunge wa Yatta. Wakati wa kesi hiyo lilitajwa jina la Meja Jenerali Joseph Ndolo, Mkuu wa Majeshi, na likatajwa pia la Jaji Mkuu. Ndolo alijiuzulu. Mwezi Julai Kitili naye akaandika barua ya kujiuzulu. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyefikishwa mahakamani.

Hapa inafaa kutua kidogo. Katiba ya wakati ule ilieleza wazi jinsi ya kumwondoa jaji: jopo maalumu liundwe, lisikilize ushahidi, kisha litoe shauri kwa Rais. Maneno hayo yalikuwapo, na maana yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Hayakutumika. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mshtakiwa anasikilizwa aliondoka bila kushtakiwa wala kusikilizwa, na kiti chake akapewa Mwingereza, James Wicks, aliyekikalia hadi 1982. Kwa kuwa Mutiso, Ndolo na Kitili wote walikuwa Wakamba, wengi Ukambani waliona kuwa ni jamii nzima iliyotiwa adabu.

Lililozimwa Nairobi lilianza kujibiwa Kitui. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa kura kote. Uingereza, iliyotikiswa na mgomo wa wachimba makaa ya mawe, ilipiga kura mara mbili: Februari 28, Edward Heath aliposhindwa kupata wabunge wa kutosha, na Oktoba 10, Harold Wilson alipopata wingi wa viti vitatu tu. Siku nne baadaye, Oktoba 14, Wakenya walipiga kura zao. Kule mpiga kura aliweza kuibadilisha serikali. Hapa, KPU ikiwa imepigwa marufuku tangu 1969, aliweza tu kumbadilisha mtu ndani ya KANU. Lakini hata uhuru huo mdogo ulikuwa na makali. Waziri Ngala Mwendwa aliangushwa. Na Kitui Magharibi ikamchagua Nyiva Mwendwa, mke wa Kitili, wakati wanawake Bungeni walihesabika kwa vidole. Ushindi huo ulikuwa wake Nyiva kwa haki. Lakini wapiga kura hawakuwa wamesahau alikuwa mke wa nani.

Zamu ya Kitili mwenyewe ilifika baada ya msukosuko mwingine. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 lilifuatwa na tuhuma za kuwapo msaliti serikalini, tuhuma zilizomwangukia Njonjo, mkubwa wake wa zamani. Uchaguzi ukaitishwa kabla ya wakati, Septemba 1983. Njonjo, tofauti na Kitili, alipata angalau tume iliyoketi hadharani mwaka 1984 na mawakili wa kumtetea. Naye Jaji Mkuu wa zamani aliingia Bungeni kupitia uchaguzi mdogo uliofuata, akiwa Mbunge wa Kitui Magharibi. Baada ya zaidi ya miaka kumi hukumu ilikuwa imetolewa, ingawa si na mahakama.

Hakukikalia kiti hicho kwa muda mrefu. Mwaka 1985 alifariki katika ajali ya barabarani. Kiti kilimwendea nduguye Kyale, kisha, vyama vingi viliporejea mwaka 1992, kikarudi kwa Nyiva, ambaye mwaka 1995 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili nchini Kenya. Mahakama ilikwenda polepole zaidi: ni mwaka 1997, alipoteuliwa Zacchaeus Chesoni, ndipo Mwafrika mwingine mzaliwa wa Kenya alipoketi mahali Kitili alipokuwa ameketi.